Matengenezo ya Pikipiki Usiku wa Kuamkia Safari

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pikipiki ndiyo humfikisha mwalimu shuleni, mgonjwa zahanati na mazao sokoni. Kwa hiyo swali hili huwakabili watu wengi: mtu akigundua kasoro jioni, naye atasafiri alfajiri, je, aifungue injini au aiache ilivyo? Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi hushika spana papo hapo. Kwa maoni yangu, uamuzi huo hauna budi kwanza kupimwa kwa mizani ya sayansi.

Kila tengenezo ni badiliko, na kila badiliko huweza kuzaa kasoro mpya. Anayesafisha kabureta huenda akaacha chembe ya mchanga katika tundu jembamba la petroli. Injini iliyokuwa nzito kuwaka asubuhi sasa ikazimika njiani. Plagi ikiingizwa upande kisha ikakazwa kwa nguvu, hutafuna njia yake katika kichwa cha silinda, ambacho aghalabu ni cha aluminiamu, madini laini kuliko chuma cha pua. Hata kipuri kipya huweza kuwa na dosari ya kiwandani isiyojitokeza mpaka kitumike. Ongeza hapo uchovu, haraka na mwanga hafifu wa taa.

Jambo hili limewahi kuchunguzwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za Uingereza, zilizokuwa zikikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Ilitazamiwa kwamba kasoro zingekuwa chache mara baada ya ukaguzi, kisha zizidi polepole. Kumbukumbu zilionyesha kinyume: kasoro zilikuwa nyingi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua. Mwaka 1978, F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani walieleza kwamba asilimia 68 ya vipuri vya ndege walivyovichunguza vilikuwa katika hatari kubwa zaidi mwanzoni mwa matumizi. Pikipiki si ndege, lakini sababu ni zile zile: mkono wa binadamu na ugeni wa kipuri.

Je, tuache kutengeneza? La, hasha. Kasoro inayogusa uhai haivumiliki. Breki dhaifu, tairi lililopasuka ubavuni, usukani uliolegea, mnyororo uliochakaa au taa isiyowaka havina mjadala. Hivyo vitengenezwe, kisha pikipiki ijaribiwe kwa mwendo mdogo, mahali pasipo na magari. Breki hasa huhadaa: grisi kidogo tu ikigusa viatu vyake, au hewa ikibaki ndani ya mpira wa mafuta yake, fundi huenda asijue mpaka aishike pikipiki ikitembea. Ikiwa hapana nafasi ya jaribio hilo, heri safari iahirishwe. Kuchelewa siku moja ni hasara ndogo kuliko kuvunjika mguu.

Kasoro za aina ya pili ni zile za kero: injini nzito kuwaka, kelele ndogo iliyozoeleka, oili inayotoa jasho kwenye gasketi pasipo kupungua kwa kiasi cha kutisha. Ikiwa kasoro haijaongezeka kwa majuma kadhaa, nasema iachwe mpaka msafiri arudi. Usiku huo apime upepo wa matairi, aangalie kiasi cha oili, akaze nati zilizolegea, afunge spana na plagi ya akiba, alale. Kazi kubwa ifanywe juma zima kabla ya safari, ili mizunguko ya kila siku karibu na nyumbani ifichue makosa ya fundi.

Walimu wa sayansi wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Katika maabara tunawafundisha wanafunzi kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kuandika kilichobadilishwa, na kupima matokeo kabla ya kuyategemea. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mitihani tu. Kijana anayejiuliza, "Nikikosea hapa, nitagundua wapi, uani au mteremkoni?" amekwisha kuielewa sayansi.