Treni ikichelewa, mtaji hulala

Abiria wa reli ya Kati anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam hulalamikia mambo yale yale: joto ndani ya behewa, msongamano wa daraja la tatu, na treni kusimama porini kwa muda mrefu pasipo maelezo. Kwa mfanyabiashara, kero hizo zina bei, na bei yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye daftari lake.

Reli hiyo, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilometa zipatazo 1,250, na sehemu kubwa ni njia moja. Treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni tu, hivyo moja ikichelewa huichelewesha na ile inayoisubiri. Aidha, kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe ni adui wa siku nyingi. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta la reli hapo na kusimamisha safari kwa miezi kadhaa.

Mfano rahisi unatosha kuonyesha hasara. Mfanyabiashara wa dagaa na mawese ana mtaji wa sh. milioni 2, aliokopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Akicheleweshwa siku 2, riba ya siku hizo ni sh. 4,000 tu. Akiongeza chakula cha njiani, bado ataona hasara ni ndogo na atanyamaza.

Hasara kubwa imo katika mzunguko wa fedha. Iwapo amepanga kununua, kusafirisha, kuuza na kurudi ndani ya siku 10, atapata mizunguko 36 kwa mwaka. Siku 2 zikipotea kila safari, mizunguko inabaki 30. Kama kila mzunguko humpa faida ya sh. 150,000, amepoteza sh. 900,000 kwa mwaka, karibu nusu ya mtaji wake, bila kuibiwa na bila bidhaa kuoza.

Kibaya zaidi ni kutojua. Treni ya siku 3 inayofika siku ya 3 inaweza kupangiwa mahesabu. Treni ya siku 2 ambayo mara hufika kwa wakati, mara hufika siku ya 4, haipangiki. Mwenye duka hulazimika kurundika akiba asiyoihitaji. Mwenye mzigo huwalipa wapagazi wanaosubiri bure, na mteja wake hununua kwingine. Ndiyo maana wengi huona afadhali walipe nauli kubwa ya lori, kwani dereva hupatikana kwa simu na husema yuko wapi.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kubadilisha mmiliki. Dawa hiyo imeshajaribiwa. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa za kampuni ya reli na serikali ikabaki na asilimia 49, lakini kufikia mwaka 2011 hisa hizo zilikuwa zimerudi serikalini. Reli chakavu na injini chache hazikuponywa na jina jipya kwenye cheti cha hisa.

Fundisho la maana zaidi limetoka kwenye reli ya kisasa ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro na kisha Dodoma katikati ya mwaka 2024. Wengi walihama kutoka kwenye mabasi, na mwendo kasi ni sababu moja tu. Abiria alinunua pia saa ya kufika: anayejua atakuwa Dodoma kabla ya saa 6 mchana anaweza kupanga kikao cha saa 8. Lakini mwaka 2025 vipande vya mbele kuelekea Tabora, Isaka na Mwanza vilikuwa vingali vinajengwa. Mzigo wa Kigoma uliendelea kuitegemea reli ya Wajerumani.

Kwa hiyo wahusika hawana budi kufanya yasiyohitaji mkopo kutoka nje. Kwanza, watangaze kila mwezi ni treni ngapi zilifika kwa wakati na ngapi zilichelewa, na kwa saa ngapi. Pili, ucheleweshaji unaojulikana utangazwe stesheni kabla tiketi haijauzwa. Tatu, mwenye kifurushi kilichochelewa kupita kiasi arudishiwe sehemu ya nauli ya mzigo.

Mvua haizuiliki, na injini ya zamani itaharibika. Kumweleza mteja ukweli mapema, hata hivyo, hakuhitaji injini mpya. Ratiba ya treni ni ahadi ya kibiashara, na ahadi ni deni. Kwa sasa anayelilipa ni mfanyabiashara mdogo.