Mlinzi wa Jela Alipwe na Nani?

Wako watu, na baadhi yao ni wenye elimu, ambao kila wakisikia habari ya kutengeneza jela hujibu kwa maneno matatu: jela si hoteli. Wakiisha kuyasema hutulia, kama kwamba shauri limekwisha. Mimi nakubali kuwa jela si hoteli. Sijapata kuona hoteli ambayo mgeni hufungiwa mlango kwa nje. Lakini ningependa wanieleze jela ni nini, na waliomo ndani yake ni nani, maana naona wanaihukumu nyumba ambayo hawajapata kuingia.

Katika mwaka wa 1773 kaunti ya Bedford, nchini Uingereza, ilipata Sherifu mpya, jina lake John Howard. Cheo hicho kilikuwa cha heshima kuliko cha kazi, na jela ya kaunti ilikuwa imezoea kuachwa mikononi mwa mlinzi wake. Howard aliingia kutazama kwa macho yake. Humo akakuta watu ambao mahakama imekwisha kuona kuwa hawana hatia, na wengine ambao hakuna hata mtu aliyetokea kuwashtaki, nao wangali wamefungwa. Sababu yake ni nini? Mlinzi wa jela hakuwa na mshahara. Riziki yake ilitoka katika ada aliyowatoza wafungwa wenyewe. Na mtu asiyeweza kulipa shilingi 15 na peni 4 za mlinzi, pamoja na shilingi 2 za bawabu, hakufunguliwa mlango, hata kama hakimu amemwachia.

Hapa nawaomba vijana wasimame kidogo. Mtu mwingine angalipiga kelele kwamba mlinzi yule ni mwovu, afukuzwe, aletwe mwema. Howard aliona mbali zaidi. Alifahamu kuwa mtu mwema akiwekwa pale pale, bila mshahara, na watoto wake wana njaa, naye atashika ufunguo na kudai shilingi 15. Basi akawaendea mahakimu wa kaunti akawaomba wampe mlinzi mshahara badala ya ada. Nao wakamjibu kama wanavyojibu wakubwa wengi hata leo: tuonyeshe kwanza kaunti nyingine iliyofanya hivyo. Howard akapanda farasi kwenda kaunti za jirani kutafuta mfano. Mfano hakuupata; alichokipata ni dhuluma ile ile mahali pengi. Aliendelea kuzunguka, jela hata jela, na nguo zake zikashika harufu mbaya hata asiweze kustahimili kusafiri ndani ya gari lililofungwa. Kitabu alichoandikia habari zake ilimbidi akianike mbele ya moto kabla ya kukitumia.

Wale wa "jela si hoteli" hudhani kuwa uchafu wa jela hubaki jela. Waulize watu wa London. Mwaka 1750 wafungwa waliletwa mahakamani Old Bailey wakiwa na homa ya jela, ambayo huchukuliwa na chawa. Wakafa Meya wa London, majaji, na watu wengi waliokuwamo. Ukuta humzuia mtu, haumzuii mdudu. Na katika nchi yetu, kifua kikuu kikiingia katika chumba kilichosongamana, hakiulizi nani mfungwa na nani askari. Jioni askari huenda kwake akawabeba wanawe.

Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza iliamuru asiye na hatia aachiliwe bila ada. Ya pili iliamuru kuta zipakwe chokaa angalau mara moja kwa mwaka, hewa ipite vyumbani, wagonjwa wawe na vyumba vyao, na daktari awekwe. Sheria nzuri mno! Howard alipozunguka tena alikuta jela chache tu zilizoitii. Habari hizo zote alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1777.

Msomaji atasema, Bedford ni mbali, na zamani zile zimepita. Zimepita kweli? Idara yetu ya Magereza ilianzishwa mwaka 1911 na Waingereza hao hao, nasi tukairithi. Sehemu kubwa ya walio katika magereza ya Kenya ni mahabusu, yaani watu wanaongoja kesi, ambao Katiba ya mwaka 2010 yawahesabu kuwa hawana hatia mpaka ithibitishwe. Kifungu cha 49 chataka mtu afikishwe mahakamani kwa muda usiopita saa 24, na apewe dhamana kwa masharti ya haki. Lakini dhamana ni fedha. Mwizi wa mamilioni huitoa akaenda kwake kula chakula cha jioni. Aliyeiba kuku hubaki ndani, akilala ubavu kwa ubavu na wenziwe, kwa kuwa ndugu zake hawana cha kuweka. Hebu niambieni tofauti iliyoko baina ya huyu na yule wa Bedford. Mimi naona kwamba shilingi zimebadilika jina tu, na badala ya kwenda kwa mlinzi sasa huenda mahakamani.

Na mlinzi je? Mwezi wa Aprili 2008 askari wa magereza yetu waligoma, wakidai marupurupu na makao bora. Watu walishangaa. Mimi nilishangaa kuwa walishangaa. Mtu anayeishi na mkewe na watoto katika nyumba ya kushirikiana, iliyokatwa vyumba kwa pazia, utamtakaje alinde heshima ya mfungwa? Moody Awori, alipokuwa waziri mwenye kusimamia magereza tangu mwaka 2003, alifungua milango watu watazame, akaleta magodoro na televisheni; wakamcheka kwa neno lile lile la hoteli. Kosa, ikiwa lilikuwapo, halikuwa katika magodoro. Ni kwamba askari alibaki akitazama godoro la mfungwa huku lake limechakaa.

Tunayo Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014, yenye kutaja chakula, matandiko na tiba. Tunayo ya mwaka 1998 inayoruhusu mwenye kosa dogo atumikie jamii badala ya kufungwa. Tunao hata mahakimu waliopewa na sheria haki ya kuingia gerezani kukagua. Waingie, basi! Waingie bila kupeleka habari mbele, wakiwa na kitabu na kalamu, wamwulize kila mahabusu ameingia lini na kesi yake imeahirishwa mara ngapi, kisha wamwulize askari mlangoni analala wapi.

Nasikia jibu: fedha hazipo. Kila mahabusu wa kuku anayekwenda kwao ni sahani moja na blanketi moja zilizookolewa, nazo zaweza kwenda katika nyumba ya askari. Wale waheshimiwa wa Bedford walikuwa na udhuru wao, kwamba hakuna aliyetangulia kufanya. Sisi udhuru huo hatunao kwa zaidi ya miaka 250.