Vidudu ukutani? Kausha ukuta kwanza

Mvua za Mbeya na Iringa zikikatika, Mei hivi, baridi inaingia na madirisha yanafungwa kutwa. Ndipo wazazi huona vidudu vyeupe, vidogo kama punje ya chumvi, vikitembea ukutani nyuma ya kabati. Si kunguni hao. Haviumi wala havinyonyi damu. Vinakula ukungu unaoota penye unyevu.

Ukipuliza dawa utaua vya leo, wiki ijayo vitarudi, na mtoto amevuta dawa bure. Sogeza kabati na kitanda mbali na ukuta, futa ukungu kwa maji ya sabuni, kisha pakaushe. Fungua madirisha jua likishapanda, hata saa mbili tu. Nguo mbichi zianikwe nje. Kagua pia gata linalovuja na udongo uliolundikana kwenye msingi, maana mara nyingi maji yanaanzia huko. Kwa mtoto mwenye pumu, ukungu ndio wa kuogopa kuliko vidudu.

Ila chumba kisikaushwe kwa jiko la mkaa huku mlango umefungwa, hata kama watoto wanatetemeka. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.