Lumbesa nyingine imo ndani ya mkataba wa Kiingereza

MKULIMA wa nchi hii anaijua lumbesa. Gunia likishaongezwa kilemba na kushonewa juu, anayelia ni yeye na anayecheka ni mchuuzi. Wakala wa Vipimo umeipigia kelele lumbesa kwa miaka mingi, na kila msimu inarudi. Lakini ipo lumbesa nyingine isiyopimwa kwa mzani, na sijasikia ofisa yeyote akiipigia kelele. Hiyo imo ndani ya karatasi za Kiingereza ambazo wakulima, wafanyabiashara wadogo na viongozi wa vyama vya msingi wanazitia saini bila kuzisoma, au wanazisoma nusu nusu.

Kikundi kimoja cha wakulima wa alizeti mkoani Singida kiliniletea mkataba wao mambo yakiwa yameshaharibika. Kampuni moja ilikuwa imewaahidi kwa mdomo, tena kwa Kiswahili safi, kwamba ingenunua tani kumi. Wakalima, wakavuna, wakapepeta, wakakodi Fuso. Kampuni ikachukua tani tatu na nusu, ikasema zinatosha. Wakulima walipokwenda kudai haki yao wakaonyeshwa mstari mmoja: "The Company may purchase up to ten tonnes." Mjadala ukaishia hapo.

Ndugu msomaji, katika mstari huo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni neno "may". Shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni "anaweza". Sasa Mswahili akisikia mnunuzi anasema "naweza kununua tani kumi", anachoelewa ni kwamba mtu huyu ana uwezo, fedha ipo na lori lipo. Kiingereza cha mkataba hakisemi hivyo hata kidogo. Kinasema mnunuzi ana ruhusa ya kununua akipenda, na asipopenda hakuna wa kumuuliza. Neno linalombana ni "shall" au "must".

Hili si suala la ladha ya mwandishi. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza katika kifungu cha 53 kwamba "may" ikitumika kumpa mtu mamlaka, mtu huyo ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na "shall" ikitumika, jambo ni lazima litekelezwe. Kifungu hicho kinahusu namna ya kusoma sheria za nchi, si mikataba ya alizeti, lakini mawakili wanaoandika mikataba hiyo walifundishwa katika madarasa yale yale.

Mtego wa pili ni "up to", yaani hadi. Kilo moja imo ndani ya "hadi tani kumi". Gunia moja limo. Walichohitaji wakulima wale ni "not less than", isiyopungua. Maneno matatu mafupi ambayo mtoto wa kidato cha pili anayajua.

Katika kila mji sasa kuna vibao vinavyotangaza kozi ya Kiingereza ya miezi mitatu, na vijana wanalipa. Sina ugomvi nao. Ila kinachofundishwa humo kwa kawaida ni Kiingereza cha mdomoni: kusalimia, kujieleza, kutojikwaa mbele ya mgeni. Biashara haihitaji sana hicho. Mnunuzi kutoka ng'ambo hatakunyima fedha kwa sababu umetamka vibaya. Atakunyima kwa sababu karatasi inamruhusu. Ndiyo maana nashauri mfanyabiashara mwenye saa mbili za jioni azitumie kurudia sarufi ya msingi, ile ya koma, umoja na wingi na vitenzi visaidizi, kuliko kukariri misemo ya kujipamba.

Wapo watakaosema kuwa haya yanawapata watu ambao hawakusoma. Sivyo. Wenye lugha yao nao wanaangushwa. Katika jimbo la Maine nchini Marekani ipo kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy. Madereva wake waliishitaki wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo hilo ilikuwa inaondoa haki ya malipo hayo kwa watu wanaofanya kazi fulani katika mazao ya kilimo, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika. Kazi zenyewe ziliorodheshwa: kusindika, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo, na mwisho wa orodha ikaandikwa "packing for shipment or distribution".

Hapakuwa na koma kabla ya "or". Kampuni ikadai kwamba kusambaza ni kazi inayojitegemea katika orodha, kwa hiyo madereva wanaosambaza maziwa hawana chao. Madereva wakajibu kwamba kazi iliyotajwa pale ni moja tu, nayo ni kufungasha, iwe kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au kwa ajili ya usambazaji. Wao hawafungashi kitu, wanaendesha magari.

Mtu akitaka kuielewa hoja yao aiweke katika Kiswahili. Ukiandika "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji", kila mtu ataona kazi moja. Ukiandika "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji, au kusambaza", kazi zimekuwa mbili. Kiingereza cha sheria ile kilikuwa na umbo lile la kwanza. Kazi nyingine zote katika orodha ziliishia na "-ing", lakini "distribution" haikuishia hivyo. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliona kwamba maneno hayo yana utata na ikawapa madereva ushindi katika hoja hiyo. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 5. Wabunge wa Maine nao waliiandika upya orodha ile wakatenganisha kila kazi kwa nukta mkato, na "distribution" ikawa "distributing".

Kesi ya Kanada ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi wenye lugha mbili. Kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa matumizi ya nguzo. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano na ungeendelea kwa vipindi vingine vya miaka mitano, koma, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Je, notisi hiyo ingeweza kutolewa hata ndani ya ile miaka mitano ya kwanza? Mwaka 2006 chombo cha kusimamia mawasiliano nchini humo kilisema ndiyo, kwa kuwa ile koma iliufanya mlango wa notisi uhusu sentensi yote. Rogers hawakukubali. Wakaleta nakala ya Kifaransa ya mkataba ule ule, ambayo haikuwa na utata huo, na mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa. Kampuni kubwa, yenye mawakili wa kila aina, iliokolewa na nakala ya lugha ya pili.

Sisi nakala ya lugha ya pili hatuiombi. Tunaona aibu. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, hatua ambayo wengi tuliishangilia, lakini marekebisho hayo hayakumlazimisha mnunuzi wa alizeti kuandika mkataba wake kwa Kiswahili. Hilo mkulima inabidi alidai mwenyewe. Na akilidai, asisahau kuuliza nakala ipi itatawala pale zitakapotofautiana, maana nakala ya Kiswahili isiyo na nguvu ni pambo la ukutani.

Yapo madogo mengine ambayo nimeyaona yakiuma. Ritifaa, ile tunayoijua kwenye ng'ombe, katika Kiingereza inahamisha fedha. "The farmer's account" ni akaunti ya mkulima mmoja. "The farmers' account" ni ya wakulima wote. Alama imeruka herufi moja tu. Katika kikundi chenye watu arobaini tofauti hiyo ni kubwa, na mwenyekiti anaweza asiwe na haraka ya kuirekebisha.

Halafu tarehe za kupeleka mzigo. Kiswahili chetu kinatumia "mpaka" au "hadi" kwa mambo mawili ambayo Kiingereza kinayatenganisha. "Deliver by 30 June" maana yake mzigo uwe umefika si zaidi ya siku hiyo. "Until 30 June" maana yake upelekaji unaendelea mpaka siku hiyo. Na tarehe ikiandikwa kwa tarakimu tupu, 04/05, Mwingereza anasoma tarehe 4 Mei, Mmarekani anasoma tarehe 5 Aprili. Andika jina la mwezi.

Uzito nao una tahajia yake. "Tonne" ni kilo 1,000. Lakini "ton" ya Wamarekani ni pauni 2,000, sawa na kilo 907 hivi, na ile ya zamani ya Waingereza ni pauni 2,240, karibu kilo 1,016. Bei ikipangwa kwa tani na herufi mbili za mwisho zikakosekana, kuna mtu atapunjwa, na mara nyingi tunajua ni nani. Wanaouza Ulaya wawe macho pia na nukta katika namba: Mjerumani akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano, si moja na nusu.

Kwa haya hahitajiki profesa. Makatibu wa AMCOS wengi wamesoma sekondari, na maafisa ugani wanaandika ripoti za Kiingereza kila siku. Kabla ya msimu kuanza wakae mchana mmoja na mkataba wenyewe na kalamu nyekundu. Wazungushie duara kila "may", kila "up to", kila "or" na kila koma iliyo mbele ya masharti, kisha waulize kwa Kiswahili: hapa nani amefungwa na nani yuko huru? Palipo na majibu mawili, papelekwe kwa mwanasheria kabla ya saini. Baada ya saini ada yake inapanda.

Wale wa Singida walifanya hivyo msimu uliofuata. Walikata "may" wakaandika "shall", wakafuta "up to". Wakala wa mnunuzi alibishana nao kwa zaidi ya saa nzima chini ya mwembe, akapiga simu mara tatu, mwishowe akakubali, lakini tani kumi akazishusha zikawa sita. Wakatia saini kwa sita, na heka zilizobaki wakapanda mtama.