Mambo ya Nyumbani: Kompyuta ya Zamani na Prosesa Mpya



Tangu mwezi wa Oktoba 2025 ndugu wengi wa hapa Ifakara, na wa Mang'ula na Mlimba pia, wametuuliza neno moja: je, yatupasa kuiacha kompyuta tuliyo nayo nyumbani na kununua nyingine yenye prosesa mpya? Swali hili si la vijana wapendao vitu vipya peke yao. Limeingia katika nyumba za watu wenye busara, na katika nyumba moja tuijuayo lilifika hata ghalani, penye mpunga wa chakula. Kwa hiyo twaona vema kulieleza kwa urefu kidogo.

Asili ya jambo ni hii. Kampuni ya Microsoft ya Marekani, ambayo mfumo wake wa Windows ndio unaoendesha kompyuta nyingi za kwetu, iliacha tarehe 14 Oktoba 2025 kuitunza Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya ulinzi. Siku ile kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwashwa zikafanya kazi kama jana. Lakini ufa utakaoonekana katika mfumo ule hauna tena mzibaji, na wezi wa mitandao huzitafuta nyufa kama panya atafutavyo tundu la ghala. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows XP mwaka 2014, na kwa Windows 7 mwaka 2020. Safari hii kuna shida iliyozidi, maana Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali kila mashine. Yataka kumbukumbu isiyopungua GB 4, yataka chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, tena yataka prosesa iliyoandikwa katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, ukiacha chache, yaanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Na sisi wa bonde hili twanunua mitumba: mashine iliyokwisha kutumika miaka mingi ng'ambo, ikapita Kariakoo, ikapanda basi hata ikafika kwetu. Nyingi tuzionazo majumbani ni za kizazi cha nne, cha tano na cha sita. Zimebaki nje ya mlango.

Sasa habari za nyumba ile. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama ni mkulima na mshonaji, na kijana wao amemaliza kidato cha sita. Kompyuta yao ni mpakato yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tano na kumbukumbu ya GB 4. Baba huandikia mitihani, mama huweka hesabu za vitambaa, na kijana aliitumia kuombea mkopo wa masomo, kwa maana maombi ya Bodi ya Mikopo hufanywa mtandaoni. Ilikuwa imekuwa nzito mno. Mtu aliweza kuiwasha, akaenda kuteka maji, akarudi akaikuta bado haijawa tayari. Muuzaji mmoja alimwambia baba kwamba prosesa imechoka, dawa ni kununua mpya. Baba akakusudia kuuza magunia sita ya mpunga. Mama akakataa, akisema kwamba magunia yale ni chakula chao mpaka mavuno, na mpunga ukiuzwa leo watu hununua mchele mwezi wa Machi kwa bei ya majuto. Walitujia jioni wote watatu, wakituita Mwalimu kwa adabu, lakini baba na mama walikaa mbalimbali.

Basi tuliwaambia kwanza kwamba prosesa haichoki kama ng'ombe wa plau. Ni kipande kidogo cha silikoni, hakina gurudumu wala mkanda. Ikiwa ilitoka kiwandani na mapigo bilioni mbili kwa sekunde, hupiga yayo hayo leo. Yapo mawili tu yanayoifanya ionekane mzee: joto, na kungojea.

Juu ya joto, kila prosesa ya siku hizi imefundishwa kujipunguza mwendo ipatapo moto, isije ikaungua. Kwetu hewa ni ya joto na unyevu, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia hata ndani ya sanduku la nguo. Vumbi likishika feni, hewa haipiti, prosesa hujipunguza, na mwenye nyumba husema kompyuta imezeeka. Fundi mwaminifu huifungua, huipuliza, huweka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, na kazi hii ni ya saa moja. Twashangaa jinsi watu wanavyofua kanzu kila Jumamosi, na feni ya kompyuta wasiiguse miaka saba.

Juu ya kungojea, wasomaji wetu wa Ulanga na Malinyi wataelewa upesi kuliko wengine. Kabla daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, lori la mchele lilifika ukingoni mwa mto Kilombero likangojea kivuko. Mtu angaliweza kununua lori lenye injini mara mbili, na bado angalingojea palepale, nyuma ya malori mengine. Tatizo lilikuwa mtoni. Lilikwisha lilipowekwa daraja lenye mita 384. Kompyuta nayo ina mto wake. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na kichwa kinachokwenda huku na huku kutafuta maandiko. Prosesa hukaa ikingojea kichwa kile. Diski mpya, ambayo mafundi huiita SSD, haina kitu kinachozunguka, nayo hutoa maandiko mara moja. Tena kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM, ikiwa ndogo hujaa upesi, na kompyuta hulazimika kwenda na kurudi mtoni kwa kila jambo dogo.

Namna ya kujua shida iko wapi si ngumu. Iwasheni kompyuta, mfungue kazi zenu za kila siku, kisha mbonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Patatokea dirisha lenye hesabu kwa sehemu za mia. Katika mashine ya mwalimu yule diski ilisimama kwenye mia kamili, kumbukumbu ilikuwa karibu kujaa, na prosesa iliyosemwa imechoka haikufika ishirini. Ilikuwa imekaa kivulini ikingojea kivuko. Mama alitazama hesabu zile, asiseme neno, akamtazama mumewe.

Na ingawa mtu angependa kubadili prosesa peke yake, katika mpakato za namna ile haiwezekani, maana imechomelewa katika ubao. Katika kompyuta za mezani yaweza kutolewa, lakini lazima ubao uikubali. Kizazi cha saba na cha nane cha Intel vina kiti kimoja kwa kutazama, chenye miguso 1151, na hata hivyo prosesa ya nane haifanyi kazi katika ubao uliotengenezwa kwa ajili ya ile ya saba. Mtu hubadili prosesa, akalazimika kubadili ubao, na mara nyingine kumbukumbu pia. Mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka mwaujua; hatuna haja ya kuueleza hapa.

Isidhaniwe kwamba twasema prosesa mpya ni upuzi. Chipu ya kwanza ya namna hii iliyouzwa na Intel, mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni. Lakini tangu karibu mwaka 2005 joto liliwazuia watengenezaji wasiongeze mapigo kama kwanza, wakaanza kuweka viini vingi katika chipu moja. Prosesa ya i5-5200U ina viini viwili. Ile ya i5-8250U ina vinne. Viini vingi ni kama watu wengi shambani: vyafaa pale ambapo kazi yaweza kugawanywa. Yuko ndugu mmoja hapa mjini apigaye picha za video za arusi. Mashine yake ilikesha ikitengeneza video moja, prosesa ikisimama kwenye mia usiku kucha, na wateja wakimkasirikia. Huyo alinunua mashine mpya, nasi twasema alifanya sawasawa, maana prosesa ndiyo iliyomchelewesha, na ndiyo inayomlisha.

Lakini anunuaye asiuridhie utepe wa i7 uliobandikwa nje. Yapo maduka yanayouza i7 ya kizazi cha tatu kwa majivuno, nayo katika kazi nyingi hushindwa na i5 ya kizazi cha nane. Soma namba ifuatayo kistari: i5-5200U ni ya tano, i5-8250U ni ya nane, i5-10210U ni ya kumi. Hii ni kwa Intel. Ryzen za AMD zina hesabu nyingine. Muuzaji akikataa usiiwashe mashine ukasome mwenyewe, shukuru, uende zako.

Turudi kwa mwalimu. Yaliuzwa magunia mawili, si sita, ikanunuliwa SSD na kumbukumbu ya GB 8, na feni ikasafishwa. Sasa kompyuta huwaka kabla maji hayajajaa ndoo. Lakini swali la ulinzi lilibaki, kwa kuwa kasi haizibi nyufa, na hapo kijana alikuwa na haki kuliko wazee wake.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni muda wa nyongeza: Microsoft ilitangaza mwaka 2025 kwamba mwenye Windows 10 aweza kujiandikisha apate masasisho ya ulinzi mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila fedha akikubali kuweka mipangilio yake katika akaunti yao. Huko ni kuahirisha, wala si kumaliza. Ya pili ni kuweka mfumo mwingine wa jamii ya Linux, ambao ulianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na hutolewa bure. Mmoja wao ni Ubuntu, jina ambalo sisi wenye lugha za Kibantu hatuhitaji kutafsiriwa. Huo hauulizi kizazi cha prosesa, na masasisho yake yaendelea. Una programu ya kuandikia na ya hesabu, lakini printa nyingine huusumbua, na programu zilizotengenezwa kwa Windows tu hukataa. Ya tatu ni kununua mtumba wa kizazi cha nane au zaidi.

Iko na ya nne, ambayo mafundi wengine huitangaza kwa kunong'ona: kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokubaliwa. Microsoft wenyewe wamesema mashine ya namna hiyo haina ahadi ya kupata masasisho. Kwa hiyo mtu hutoa fedha akabaki na shida ileile.

Nyumba ile ilichagua Linux, na sisi tulikubaliana nao, kwa sharti moja la mama: fedha za simu zibaki katika simu, zisiingizwe katika kompyuta hata kwa siku moja. Kijana akifika chuoni, na walimu wake wakataka programu isiyokubali Linux, hapo ndipo litakapotafutwa jambo la kununua, wakijua kwa hakika mashine gani yahitajiwa. Baba ameandika ahadi hiyo katika daftari, na kijana ametia sahihi chini yake.

Neno la mwisho ni la diski ya zamani iliyotolewa. Msimwachie fundi, wala msiwape watoto waichezee. Ndani yake mna barua, vyeti na picha zenu zote, hata zile mlizodhani zimefutwa. Ikiwa bado nzima, itieni katika kasha lake, mweke nakala za picha, muifungie kabatini mbali na unyevu. Mwezi ujao, Mungu akijalia, tutaandika juu ya betri, na kwa nini huvimba.