Nyundo ya wazee haikuwa uchawi

Kila mara tunapozungumza juu ya mukuba, anasimama mwenzetu mumoja mwenye masomo na kusema: wazee walikuwa na dawa tu, kazi ya kweli ilianza mwaka 1911, wakati mtambo wa Lubumbashi ulipoyeyusha shaba ya kwanza. Sisi tunakataa. Tunakataa kabisa.

Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958. Walikuta humo vitu vya chuma na vya shaba, pamoja na misalaba ya shaba, vya karne nyingi mbele ya Mzungu. Nani aliyevifua? Dawa?

Wengine wanakubali kidogo: eti wazee walijua kumwaga shaba ndani ya shimo, basi. Na Bunkeya je? Kule Bayeke walipiga mukuba mpaka ukawa mrefu na mwembamba, kisha wakauvuta katika tundu la chuma kuwa waya wa bangili. Hapo ndipo elimu ilipo, ndugu wasomaji. Shaba ikipigwa baridi inakuwa ngumu. Endelea kupiga bila kupumzika, itapasuka. Irudishe mu moto mpaka iwe nyekundu, italainika, hata ukiichovya mu maji. Chuma cha pua ni kinyume: kikitoka mu moto chekundu na kuingia mu maji, kinakuwa kigumu, na pengine kinavunjika sawa kioo. Fundi aliyechanganya mambo hayo mawili alipoteza kazi ya siku nzima. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na macho, aliangalia rangi ya moto, na sikio lake lilijua nyundo inapoanza kulia vingine.

Ndiyo, miiko ilikuwako kwenye tanuru, hatuifichi. Lakini dereva wa leo naye anaomba mbele ya safari, na motere inawaka kwa mafuta.

Wakati tunabishana, tumeona nyundo na fuawe za zamani zikiuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa mitraye. Walimu wetu, wapelekeni wanafunzi kwa vijana wa Lubumbashi wanaopiga picha juu ya sahani za shaba. Na mbele ya kwenda, mpeni kila mutoto kipande cha waya wa shaba. Akikunje na kukikunjua mpaka kikatae, mpaka kikatike. Atauliza sababu yeye mwenyewe.