Kibali cha Maziwe Kifuate Maji, Kisifuate Saa

Kwa Meneja,
Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu,
Tanzania.

YAH: SAFARI ZA KUTWA KISIWANI MAZIWE

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa pia wenye mashua, wenye hoteli za Ushongo, Pangani, na sisi wenye magari. Ila kalamu ya kuweka masharti iko mezani kwako, kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994.

Wengi wetu wa Dar tulizoea kwenda Pangani kwa kuzunguka Chalinze, Segera na Muheza, tukifika hoi. Safari hii tulishika njia ya Bagamoyo, tukavuka Wami, tukakatiza Saadani, na jioni tulikuwa Ushongo tunakula changu wa kuchoma. Barabara hiyo ya pwani hadi Tanga inatuleta wengi zaidi. Silalamiki, vumbi halina wa kulililia. Lakini ule mzunguko wa Segera ulikuwa ukiilinda Maziwe bila kulipwa mshahara.

Wewe unakijua kisiwa kuliko mimi, ila wasomaji wengine hawakijui. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa na msitu wa mivinje, na kilihesabiwa miongoni mwa sehemu kuu za kutagia kasa Tanzania. Ukataji wa miti na mmomonyoko ukakimaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe, ambalo bahari ikijaa hulifunika. Kasa hawakupewa taarifa. Bado wanapanda kutaga palepale, na mayai yao inabidi yahamishiwe ufukweni Ushongo, kwani shimo likijaa maji ya bahari vitoto hufa humo humo. Kazi hiyo haitaki papara: yai hubebwa bila kupinduliwa, maana kijusi hujishikiza upande wa juu wa ganda, na likigeuzwa linaharibika.

Nahodha wetu, kijana wa hapo Ushongo, hakutuuliza tungependa kuondoka saa ngapi. “Kesho bamvua,” alisema. “Maji yanakupwa saa nne. Saa mbili muwe mashuani.” Tulipofika alichomeka kijiti ukingoni mwa maji, kisha akatupeleka kuogelea penye matumbawe. Maji yalipogeuka na kukipita kijiti hakungoja mtu amalize soda. Alitufungasha wote tukaondoka.

Wakati tunapanda mashua ndipo boti nyingine ikawasili, imejaa watu, wanashusha miamvuli na spika. Nani aliwapangia saa ile sijui. Fungu lilikuwa linapungua, na kila maji yalivyosogea nao walisogea, mpaka wote wakabanana juu kwenye mgongo wa mchanga. Kasa naye hupapenda hapohapo, kwa kuwa ndipo palipoinuka. Akipanda usiku huacha njia pana kama ya tairi la trekta, na walinzi huifuata wakapata shimo kabla bahari haijaifuta. Siku ambayo nyayo zetu zimetangulia, walinzi watafuata nini? Na mti wa mwavuli unachomekwa bila kujua chini yake kuna nini.

Kwa hiyo naomba kibali kiandikwe kwa maji. Saa nne asubuhi ya bamvua fungu liko wazi. Saa nne hiyohiyo juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, bahari imejaa. Ratiba ya “saa tatu hadi saa tisa” inayouzwa siku zote ni ya ofisini, si ya baharini. Kibali kitaje saa ya kupwa ya siku ile, saa ya mwisho ya kushusha watu, na saa ambayo chombo cha mwisho lazima king’oe nanga. Idadi nayo ipangwe kwa kila kupwa, kwa sababu idadi ya siku nzima inaruhusu wote kufika kwa pamoja. Mgongo wa fungu usichomekwe kitu, na asikanyage mtu kabla walinzi wa kasa hawajapita. Spika zibaki bara.

Wapo watakaosema masharti yataua biashara. Nahodha wetu anaishi kwa masharti haya tangu alipoanza kushika usukani, na mashua yake haikuwa na nafasi. Atakayeumia ni yule anayeuza safari bila kutazama mwezi.

Majedwali ya kupwa na kujaa hutolewa mapema kwa mwaka mzima. Vibali vya msimu ujao vinaweza kuanza kupangwa wiki hii, na wazee wa vijiji vya Ushongo na Bweni wakiitwa kwenye kikao watasahihisha jedwali pale linapowadanganya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msafiri wa Dar es Salaam